Shahada ya Utafiti katika Sanaa, Usanifu na Habari Jijini Nairobi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Juzi, nje ya Jumba la Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue, kijana mmoja mchoraji alinisimamisha. "Mwalimu, digrii nimemaliza. Sasa nataka uzamili, lakini ule wa utafiti. Nianzie wapi?" Kabla sijamjibu mwenzake akadakia: "Na naweza kupeleka michoro badala ya kitabu?"

Maswali haya nimeyajibu kwenye ngazi za chuo, ndani ya matatu na kwenye simu usiku. Ni maswali ya maana, na anayeuliza hastahili jibu la haraka haraka. Ndiyo maana nimeyakusanya hapa. Mwongozo huu ni wako ikiwa una shahada ya kwanza, au unakaribia kuimaliza, katika uchoraji, uchongaji, usanifu wa picha, mitindo, filamu, uanahabari au fani jirani, na unataka shahada ambayo uzito wake uko kwenye tasnifu.

Kabla hujajaza fomu, uwe na hivi

- Cheti cha shahada ya kwanza na nakala rasmi ya matokeo. Kwa kawaida uzamili huomba daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini huombwa athibitishe kuwa amefanya kazi katika fani, mara nyingi miaka 2. Barua za kazi, hata za vibarua vidogo vya kuchora mabango, zitunze.
- Ikiwa ulisomea nje ya Kenya, uthibitisho kwamba cheti chako kinatambuliwa hapa nchini. Jambo hili huchukua muda, kwa hiyo lianze kabla ya yote.
- Jalada la kazi zako: kazi 15 hadi 20 zinatosha, kila moja na mwaka, malighafi na vipimo. Picha ziwe kali na zisiwe na kivuli cha mkono wako.
- Dokezo la utafiti la kurasa 2 hadi 4. Tutalijenga katika hatua ya 3.
- Watu wawili au watatu wa kukuandikia barua za kukupendekeza, ambao wanaijua kazi yako kweli.
- Karo ya muhula wa kwanza ikiwa mkononi tayari. Ahadi ya mjomba usiihesabu.
- Daftari lenye jalada gumu na kamera, hata ya simu.

Hatua ya 1: Jua ni shahada gani unaitaka

Uzamili hapa kwetu huchukua takriban miaka 2: mwaka wa kwanza darasani, wa pili kwenye utafiti. Baadhi ya programu hukuachia uchague kati ya mradi mfupi na tasnifu kamili. Kama uzamivu uko akilini mwako, chagua tasnifu, hata wenzako wakikuambia mradi unamalizika upesi. Uzamivu wenyewe ni miaka 3 kwa uchache, na mwenye kazi na watoto ajipangie zaidi ya hapo.

Sasa lile swali la michoro badala ya kitabu. Mwaka 1993 Christopher Frayling, aliyekuwa katika Royal College of Art ya London, aligawa utafiti wa fani hizi katika makundi matatu: utafiti kuhusu sanaa, utafiti kupitia sanaa, na utafiti kwa ajili ya sanaa (ule wa kukusanya vitu na mawazo ya kukusaidia kuitengeneza kazi). Kuhusu sanaa ni pale unapochunguza kazi za wengine na historia yake. Kupitia sanaa ni pale ambapo kutengeneza ndiko kunakokupa jibu, na unaonyesha wazi ulivyolipata. Uingereza na Australia zina vyuo vingi ambavyo mtafiti wa kundi hilo la pili hupeleka kazi zake pamoja na andiko lililofupishwa. Nairobi usidhanie hivyo. Kabla ya kulipa chochote, iandikie idara uulize: je, kanuni zenu zinaruhusu kazi ya sanaa itahiniwe kama sehemu ya tasnifu, na kwa uzito gani? Jibu la mdomo kwenye korido halitakusaidia miaka mitatu baadaye mbele ya watahini, kwa hiyo dai jibu la maandishi.

Hatua ya 2: Tafuta chuo, lakini zaidi tafuta mtu

Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara ya sanaa na usanifu, na wanahabari wana idara yao. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Thika Road, kina sanaa na usanifu, na pia filamu na maigizo. Wa mawasiliano waangalie pia Daystar na USIU-Africa, na Chuo Kikuu cha Aga Khan kina shule ya uzamili ya habari papa hapa mjini. Popote utakapopenda, thibitisha kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwamba programu yenyewe, mbali na chuo, imeidhinishwa.

Baada ya hapo, tafuta msimamizi. Soma alichoandika miaka ya karibuni, au tazama alichotengeneza. Mwandikie barua pepe ya aya tatu: wewe ni nani, unauliza swali gani, na kwa nini umemwendea yeye. Ambatisha dokezo lako. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuandika barua moja na kuituma kwa wahadhiri kumi na wawili. Wanafahamiana hao, na wanakula chakula cha mchana meza moja.

Kuhusu pesa: HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ina mikopo ya wanaosoma uzamili na uzamivu, Mfuko wa Taifa wa Utafiti umewahi kusaidia tafiti za wanafunzi, na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, lina ofisi hapa Nairobi. Tarehe zao hubadilika, kwa hiyo fuatilia kurasa zao wenyewe.

Hatua ya 3: Geuza mada iwe swali

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Watu huja na mada: "Michoro ya matatu za Nairobi." Mada nzuri, lakini huwezi kuijibu, kwa sababu haijauliza kitu.

Tuifanyie kazi. Mwaka 2004 zilianza kutekelezwa kanuni ambazo wananchi waliziita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Matatu zikatakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni, na michoro ikabanwa. Sasa uliza: wachoraji waliokuwa kazini kabla ya 2004 walibadilishaje kazi yao mstari ule ulipokuja, na ni ujuzi gani wao umewafikia vijana wanaopulizia rangi leo? Tazama kilichotokea. Ghafla unajua umtafute nani, miaka gani uifungue magazetini, na gereji zipi utembelee. Swali limekupa ramani.

Mfano wa pili. "Kanga katika utamaduni wa Waswahili" ni bahari. Lakini kanga ina pindo, ina mji (sehemu ya katikati) na ina jina (maneno yaliyoandikwa juu yake), na maduka ya Biashara Street yanaziuza kwa watu wa kila kabila. Uliza: muuzaji wa Nairobi anachaguaje majina ya kuleta dukani, na mnunuzi asiyekijua Kiswahili cha pwani anaangalia nini kwanza, rangi au maneno? Msanifu wa nguo anaweza hata kutengeneza pea kadhaa za majaribio, zenye mji ule ule na majina tofauti, akazipeleka dukani akaona. Hapo kutengeneza kumekuwa utafiti.

Kwa wanahabari, badala ya "lugha katika redio", simama Korogocho, sikiliza Koch FM wiki mbili, kisha uulize kitu kimoja tu kuhusu unachokisikia.

Swali lako lipime hivi. Je, mtu mwingine mwenye akili timamu anaweza kulijibu tofauti na wewe? Kama hawezi, ni hotuba hiyo. Je, unaweza kuwafikia watu na vitu vyake kwa nauli uliyo nayo? Na je, lingejibiwa kwa kukaa maktaba peke yake? Kama ndiyo, jiulize kwa nini unalipeleka kwenye idara ya sanaa.

Onyo: ukijikuta umeandika "athari za mitandao ya kijamii kwa vijana", funga kompyuta, nenda katembee Gikomba au River Road, urudi jioni uanze upya.

Hatua ya 4: Soma, lakini pia nenda ukaone

Historia ya sanaa ya Kenya haijakaa vizuri kwenye vitabu. Imetawanyika katika orodha za maonyesho, kadi za mialiko, kurasa za magazeti na vichwa vya wazee. Kwa hiyo mapitio yako ya maandishi yatahitaji miguu.

Anzia Jumba la Kumbukumbu za Taifa. Wengi hulijua kama mahali pa kukutania, lakini ndani yake kuna sehemu ya vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 na mpenzi mkubwa wa sanaa ya Afrika. Ghorofani kuna chumba cha kusomea nyaraka: unajisajili, unalipa ada ndogo, unaagiza faili kwa namba. Mkusanyo mwingine wa Murumbi uko Nairobi Gallery, jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ina magazeti ya zamani. Nenda pia kwenye vituo vya sanaa: Paa ya Paa, iliyoanzishwa 1965 na Elimo Njau na wenzake, Kuona ya mwaka 1995, na GoDown ya 2003. Ukienda, usiende kama mgeni wa kupiga picha. Uliza kama wana mafaili ya maonyesho yao ya zamani.

Kila unachokisoma kiingize siku hiyo hiyo kwenye programu ya marejeleo. Zotero ni ya bure na inatosha. Anayesema ataandika marejeleo mwishoni huja kutafuta ukurasa mmoja kwa wiki nzima.

Hatua ya 5: Andika pendekezo na ulitetee

Vyuo vina muundo wao, ufuate kama ulivyo: tatizo, malengo, maswali, mapitio, nadharia, mbinu, ratiba, bajeti. Nitazungumzia mbinu tu, maana hapo ndipo watu wa sanaa hujiumiza.

Utaona tasnifu nyingi maktabani zenye wahojiwa 384. Idadi hiyo inatokana na jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, lililotengenezwa kwa tafiti za hesabu juu ya umma mkubwa. Ni chombo kizuri kwa kazi yake. Lakini ukitaka kujua mchongaji anavyoamua wapi aanze kukata gogo, hojaji 384 hazitakuambia. Wachongaji sita, ukikaa nao miezi mitano, watakuambia. Sema hivyo kwenye pendekezo bila woga, na utoe sababu: kwa nini sita, kwa nini hao, na utajuaje umesikia vya kutosha. Wajumbe wa jopo hawakatai idadi ndogo ikiwa sababu ni nzito.

Ukiwa unatengeneza, eleza utatengeneza nini, mara ngapi, utabadilisha kitu gani kila mara, na utaandika kumbukumbu vipi. "Nitajieleza kupitia rangi" haijapita kwenye utetezi wowote niliouhudhuria.

Hatua ya 6: Vibali, kwa mpangilio huu

1. Pendekezo lipite, upate barua ya shule ya uzamili.
2. Upeleke kwenye kamati ya maadili ya utafiti inayotambuliwa.
3. Uombe leseni ya utafiti ya NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, kupitia mfumo wao wa mtandaoni.
4. Ukishaipata, ripoti kwa maafisa wa kaunti utakakofanyia kazi.
5. Ndipo uende nyanjani.

Mimi nilianza na namba 5. Nilikuwa na hamu, na fundi mmoja wa gereji alikuwa tayari kuzungumza, kwa hiyo nilimrekodi kwa saa nne. Mahojiano yale yalikuwa bora kuliko yote niliyopata baadaye. Kamati iliyaondoa yote kwa sababu yalitangulia idhini, na niliporudi gerejini mzee alikuwa amehamia kwao shambani. Mpaka leo jambo hilo linaniuma. Usifanye hivyo hata kwa siku moja. Kabla ya idhini nenda ukasalimie, unywe chai, ujulikane, lakini kinasa sauti kiache nyumbani.

Leseni ina muda wake. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda na uombe nyongeza kabla haijafika. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: majina, sauti na nyuso za watu ni data binafsi. Fomu ya ridhaa iwe kwa lugha ambayo mtu anaielewa, na imwambie wazi kwamba anaweza kujitoa.

Hatua ya 7: Kusanya na kutengeneza

Lile daftari gumu sasa lianze kazi. Kila siku ya nyanjani au ya karakana, kabla ya kulala, andika tarehe, ulichofanya, kilichokushangaza, na uamuzi mmoja uliofanya pamoja na sababu yake. Piga picha ya kazi ikiwa haijakamilika, hasa ikiwa imeharibika. Watahini wa utafiti kupitia sanaa hawaamini kazi iliyokamilika peke yake. Wanataka kuona njia, pamoja na pale ulipopotea. Msanii ambaye hakuandika kumbukumbu hujikuta anabuni sababu miezi kumi baadaye, na inaonekana.

Mahojiano yaandike kwa lugha yaliyosemwa. Nairobi watu watakujibu kwa Kiswahili, Sheng na Kikuyu au Dholuo katika sentensi moja. Usiyasafishe. Fundi akisema "hii nganya tuliipiga msasa mpaka ikalia", andika hivyo hivyo, kisha tafsiri chini yake (nganya ni matatu iliyopambwa). Neno "ikalia" lina elimu ndani yake: anazungumzia sauti ya bati msasa unapofika mahali pake. Ukitafsiri moja kwa moja kuwa "tuliisugua vizuri", umetupa ujuzi uliokwenda kuutafuta.

Mafaili yaite kwa mtindo mmoja, tarehe ikitangulia. Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje iliyo nyumba nyingine, na mtandaoni.

Hatua ya 8: Andika

Anza na sura ya matokeo, maana ndiyo unayoijua vizuri. Utangulizi uandike mwisho. Picha zisiwe mapambo: kila picha iwe na namba, na aya iliyo karibu nayo iseme tuangalie nini. Mpe msimamizi sura moja moja. Ukimrushia kurasa 200 kwa mkupuo atachelewa, na ana haki.

Hatua ya 9: Wasilisha na utetee

Toa kwanza notisi ya nia ya kuwasilisha kwa muda unaotakiwa na chuo. Andiko litapimwa kwa programu ya kutambua wizi wa maandishi, kisha litakwenda kwa watahini, akiwemo wa nje. Vyuo hudai pia makala katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, hasa kwa uzamivu, kwa hiyo makala ya kwanza iandike ukiwa bado nyanjani. Kama una kazi za sanaa, zitundike siku mbili kabla na ukague taa na umeme wa ukumbi wewe mwenyewe. Siku ya utetezi sikiliza swali mpaka mwisho. Marekebisho ni kawaida. Yaandike kwenye jedwali: mtahini alisema nini, umerekebisha nini, ukurasa gani.

Ukikwama

*Msimamizi hajibu.* Mpe wiki mbili, kisha mwandikie kwa upole ukitaja tarehe uliyotuma na swali moja unalotaka ajibu. Bado kimya? Mwone mratibu wa uzamili ukiwa na barua zako zote. Kila kikao mlichofanya kiwe na muhtasari uliomtumia, kwani huo ndio ushahidi wako.

*Programu inaonyesha ufanano mkubwa na maandiko mengine.* Fungua ripoti usome. Mara nyingi ni marejeleo, majina ya taasisi na maelezo ya mbinu. Palipo na aya ya mtu mwingine, ifunge, ieleze upya kwa maneno yako, umtaje mwenyewe. Kubadilisha maneno mawili matatu hakutoshi.

*Ninayemhoji anataka kulipwa.* Muda wake ni kazi yake. Weka kwenye bajeti fidia ndogo na nauli, uitaje kwenye ombi la maadili, na uwape wote kiasi kile kile.

*Naruhusiwa kuchapisha picha ya mchoro?* Kuupiga picha mchoro hakukufanyi kuwa mwenye haki juu yake. Kwa matatu, omba ruhusa ya mchoraji na ya mwenye gari, kwa maandishi, kwa sababu kazi ya kuagizwa huwa na utata wa umiliki chini ya Sheria ya Hakimiliki.

*Kazi ya ofisini imenila.* Omba kuahirisha masomo rasmi. Usipotee kimya kimya, maana saa ya chuo huendelea kuhesabu.

*Swali limebadilika nikiwa nyanjani.* Hilo hutokea kwa watafiti wazuri. Likibadilika kidogo, eleza kwenye sura ya mbinu. Likibadilika mpaka watu au mahali pamekuwa tofauti, rudi kwa kamati ya maadili na NACOSTI kabla ya kuendelea.

*Nimemaliza, na mzee niliyemhoji anauliza kitabu kiko wapi.* NACOSTI hutaka nakala ya ripoti yako, na chuo kina yake. Jalidi moja zaidi. Mpelekee mwenyewe gerejini, umfungulie kurasa zenye maneno yake na picha ya mikono yake, umsomee kwa Kiswahili pale palipoandikwa Kiingereza. Akikuonyesha palipokosewa, chukua kalamu uandike.